Wenceslas Buhendwa, Okidi Zake na Maji Aliyonyimwa

Baba Padri, watawa, mkuu wa avenue yetu, mtaa huu, majirani wa Katoyi, wafanyakazi wa zamani wa nyumba ya kahawa ya Birere, wakwe zetu mliotoka Butembo kwa njia mnayoijua wenyewe, ndugu wa damu mliovuka ziwa kutoka Bukavu, familia imemtuma Fortunat Cubaka, mdogo wake marehemu, awasomee maisha ya Papa Wenceslas Buhendwa, ambaye wengi wenu mlimwita Papa Mimi kwa jina la Mimi, mtoto wake wa kwanza. Cubaka amekubali kusoma kwa sharti moja, kwamba atasoma yote, hata yale ambayo jana katika kikao cha ukoo aliombwa ayaruke, kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza hivyo, na marehemu hakuwa mtu wa kuagiza mara mbili.

Marehemu alizaliwa tarehe 28 Septemba 1953 huko Kabare, upande wa Bukavu, mtoto wa nne katika nyumba ya watoto saba, na kwa kuwa siku hiyo Kanisa humkumbuka Mtakatifu Wenceslas, baba yetu, katekista asiyependa kubishana na kalenda, alimpa jina hilo bila kumuuliza mtu, jina ambalo nyanya yetu alishindwa kulitamka mpaka alipofariki. Mama alikuwa akienda shambani mapema, kwa hiyo aliyembeba marehemu mgongoni, aliyemlisha na kumfuta kamasi, alikuwa dada yetu mkubwa, Nabintu, aliyeketi hapa mbele, na kati yao wawili kulikuwa na upendo ambao sisi wengine tuliuonea wivu.

Alisoma shule ya msingi katika misheni ya nyumbani kuanzia 1960 hadi 1966, miaka ya vurugu ambayo masomo yalikatika mara kwa mara, kisha sekondari mjini Bukavu, sehemu ya biashara, akapata diploma ya serikali mwaka 1973, wakati ambapo sheria ya nchi dhidi ya majina ya kigeni ilikuwa imemnyang'anya Wenceslas akabaki Buhendwa tu, jambo lililomuudhi hadi siku aliporudishiwa jina lake, maana alipenda kitu kiachwe kilivyo. Walimu wake walimsifu kwa mwandiko mzuri na kumlaumu kwa ubishi, na wote walikuwa sahihi.

Tarehe 5 Aprili 1976 alifika Goma, akaajiriwa kama karani wa ghala katika nyumba moja ya kununua kahawa huko Birere, na hapo ndipo alipopata tabia ambayo wengi wenu mliicheka, ya kuogopa unyevu kuliko wezi. Kahawa ikiingia ghalani haijakauka vizuri huota ukungu na kuharibu hata jirani yake, basi marehemu alikuwa akitumbukiza mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, akauma punje moja kwa meno, akasema hii irudi juani, na mwenye gunia, hata kama ametoka nalo Rutshuru tangu alfajiri, alibaki mlangoni akilalamika. Hakupendwa kwa hilo, lakini kwa miaka yote aliyofanya kazi hiyo, mpaka alipostaafu tarehe 31 Desemba 2013, ghala lake halikunuka hata siku moja.

Mwezi wa Mei 1981, akirudi kutoka Rutshuru ndani ya lori la kahawa, alikuta wachoma makala, yaani makaa, wameangusha mti mkubwa kando ya barabara, na kwenye tawi moja lililolala topeni kulikuwa na mmea mdogo umelishika gome kwa mizizi minene myeupe, bila udongo wowote, na maua yake meupe yalinukia hata kushinda mazuti, yale mafuta ya lori. Alikata kipande cha gome pamoja na mmea wake, akakiweka magotini hadi Goma, akakitundika kwa waya verandani pa chumba alichopanga Birere, akakisahau kabisa, na mwaka uliofuata kikatoa maua tena bila mtu kukifanyia chochote. Hivyo ndivyo okidi zilivyoingia katika familia hii, na nyuma yake ukaingia ugomvi wa miaka arobaini.

Tarehe 14 Agosti 1982 alifunga ndoa na Léonie Kahindo, binti wa wakulima wa Butembo, ndoa ambayo upande wetu haukuifurahia, kwa kuwa walitaka aoe nyumbani, na tunasema wazi kwamba baadhi yao hawajamaliza kununa hadi leo. Léonie alikuja Goma na mkono uliozoea vitunguu, kabichi na viazi, mkono unaoamini kwamba chochote kinachoota kinahitaji udongo mweusi, samadi na maji, na kwamba nyumba ambamo kitu kina kiu ni nyumba ya aibu. Alipouona ule mmea unaning'inia na mizizi yake nje, alidhani mume wake ni mtu mwema asiyejua kitu, akanunua udongo, na katika mji huu wa mawe mnajua wenyewe kwamba udongo unanunuliwa kwa gunia kama mchele, akaupanda mmea ndani ya ndoo, akaufukia mpaka shingoni, akaumwagilia asubuhi na jioni. Mmea ulikaa kijani kwa muda, kisha majani yakalegea, na siku moja ukamtoka mkononi, sehemu yote ya chini imekuwa uji.

Marehemu hakupiga kelele, aliichukua ile ndoo akaimwaga nje mbele yake pamoja na udongo wake wa kununua, kisha akasema neno ambalo hakuweza tena kulirudisha, kwamba maji ya Léonie yanaua. Wakati huo Léonie alikuwa na mimba ya Mimi, na kila asubuhi aliteremka ziwani akapanda na bidon, dumu la maji, mgongoni, kamba imembana kipaji cha uso, kwa hiyo alimjibu kwa sauti ya chini ambayo majirani wa Birere waliisikia vilevile: “Ile mayi niko nabeba na kichwa yangu. Kama inaua, wewe uko unakunywa ya nani?”

Marehemu alipata okidi nyingine kutoka kwa wachoma makala, walioshangaa kuona mtu wa mjini akiomba magome, na kila moja alimweleza Léonie upya, kwamba mmea huu hauishi ardhini bali juu ya miti, kwamba mizizi yake inataka hewa kuliko maji, ikiwa ya kijani imeshiba, ikigeuka nyeupe kama jivu ndipo inaomba, na ikikaa ndani ya maji inakosa pumzi na kufa. Léonie aliitikia kwa mdomo, akaendelea kwa mkono, akazipa maji yaliyooshewa mchele, chai iliyobaki, maji ya kuloweka maharage. Hakufanya hivyo kwa ukaidi, tunamfahamu, ila alikuwa hawezi kupita mbele ya kitu kikavu asijione analaumiwa, na marehemu naye hakuwahi kujifunza kusema jambo hilo bila kukunja uso.

Tarehe 17 Januari 2002 mlima wa volkano ulipasuka, moto ukateremka hadi Birere, nyumba yao ikamezwa, wakakimbilia Gisenyi na watu wote. Marehemu alibeba vyeti na godoro, watoto wakubwa walibeba masufuria, na Léonie alimshika kitinda mimba wao, Dorine, kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alibeba, bila kuombwa na mtu, okidi moja iliyokuwa imekaribia kuchanua, ameiweka ndani ya sufuria, na nguo zake mwenyewe akaziacha ziungue. Marehemu alipoliona hilo alilia, na hakuwa ameililia nyumba. Lakini njia nzima, kila walipopumzika na mtoto akanywa, Léonie aliinywesha na okidi, akisema nayo ni mkimbizi, na sufuria haina tundu, walipopata mahali pa kulala ilikuwa inaelea, na kabla hawajarudi Goma ilikwisha kuoza. Utamkasirikia vipi mwanamke aliyeacha nguo zake akabeba ua lako, na utaachaje kukasirika, hilo ndilo lililomsumbua marehemu kwa miaka.

Mwaka 2003 walijenga nyumba ya mbao hapa Katoyi, wote wawili, yeye kwa mshahara wake na Léonie kwa vitunguu alivyoviuza sokoni, na ni juu ya parsele hii, kiwanja cha mawe matupu, ndipo marehemu alipogundua kwamba dawa ya okidi ilikuwa chini ya miguu yake. Aliokota mawe mepesi ya mlima, yale yenye matundu kama mkate, akayavunja kwa nyundo, ya ukubwa wa maharage kwa mimea midogo na ya ukubwa wa limau changa kwa ile mikubwa, akayaosha vumbi na kuyaacha mvua ya msimu mzima iyapige, ndipo akayachanganya na makala yaliyovunjwa na vipande vya gome, gome zaidi kwa zile zinazokauka haraka, mawe zaidi kwa zile zinazooza upesi. Vyungu vyake vilikuwa bidon za mafuta alizozikata na kuzitoboa chini na ubavuni, na udongo hakutia hata kijiko. Maji yalikuwa ya mvua, si ya ziwa yenye chumvi nyingi, wala si ya mvua ya kwanza inayoosha majivu ya mlima juu ya bati, na yalimwagwa asubuhi tu, baada ya kuinua chungu kwa mkono, kikiwa chepesi kinyweshwe mpaka maji yatoke chini, kikiwa kizito kisiguswe.

Kila aliyeingia katika nyumba hii alielezwa hayo, na karibu kila aliyeingia alimwagilia. Mama wa jumuiya walimwagilia wakisubiri rozari ianze, binamu waliokuja kulala walimwagilia ili wasionekane wavivu, na mwaka 2011, marehemu na mkewe walipokwenda Bukavu kumzika mama yetu, jirani yetu Damascène, mtu mwenye moyo safi ambaye yuko hapa na alikwisha kusamehewa, aliona vibaya kuacha maua ya wafiwa ndani ya mawe, akanunua udongo kwa pesa zake, akazipanda okidi zote upya na kuzinywesha vizuri mpaka waliporudi. Zilipona mbili tu. Marehemu alimshukuru Damascène kwa mikono miwili, akaingia chumbani, akafunga mlango, na kesho yake akanunua kufuli, akaizungushia veranda waya, na ufunguo akauvaa shingoni pamoja na rozari.

Kufuli hilo lilimuumiza Léonie kuliko ile ndoo ya Birere, kwa kuwa mara hii aliyeziozesha okidi hakuwa yeye. Tangu siku hiyo alifagia nyumba yote akaishia mlangoni pa veranda, na mgeni alipouliza juu ya maua alisema hayo ni mambo ya Papa Mimi, yeye hana mkono nayo. Walilala kitanda kimoja, walikula sahani moja, walikwenda misa pamoja, na kati yao kulikuwa na mlango wa waya.

Mungu aliwajalia watoto watatu, Mimi aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1983, Paul aliyezaliwa tarehe 19 Juni 1986, anayefanya kazi Beni, na Dorine aliyezaliwa tarehe 7 Oktoba 1991, pamoja na wajukuu watano, ambao wote, kabla hawajajua kusoma, walijua kwamba okidi za babu haziguswi.

Mwaka 2019 marehemu aligunduliwa kuwa na presha, akapewa dawa, akazinywa alipokumbuka, na mwezi wa Machi 2024 miguu yake ilivimba, akaambiwa figo zimechoka. Alianza kusafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, na daktari aliiketisha familia nzima, akaeleza polepole kwamba mwili huu hauwezi tena kutoa maji, kwa hiyo yakiingia yanabaki, yanapanda kifuani, yanamzamisha mtu akiwa kitandani pake, na kwamba kwa siku asizidishe chupa ndogo ya nusu lita, chai imo humo, supu imo humo, mchuzi umo humo. Marehemu alicheka kwa mara ya kwanza tangu augue, akamwambia daktari kwamba hayo ndiyo anayoyaeleza nyumbani kwake tangu 1982 na hakuna aliyemwelewa.

Aliyeelewa safari hii ni Léonie. Hatujui ni nini kilichogeuka ndani yake, ila siku ileile aliacha kupika mchuzi, akaanza kupima ile chupa kila asubuhi, akampa marehemu kipande cha limau cha kulamba, akamlowesha midomo kwa kitambaa, na yeye mwenyewe hakunywa tena mbele ya mume wake, kiu ikimshika alikwenda nyuma ya jiko, akanywa amesimama, akafuta mdomo, akarudi. Kazi kubwa ikawa wageni, kwa maana kwetu mtu haendi kumwona mgonjwa mikono mitupu, na mlikuja na Fanta, na maji ya matunda, na uji, na avokado, na ndizi, vitu vyote ambavyo daktari alivikataza, na Léonie alivipokea mlangoni akavipeleka mbali na kitanda. Yalisemwa mengi barabarani, kwamba mwanamke wa Butembo anakula zawadi za mgonjwa, na waliosema wapo hapa, wanajijua, familia haitawataja.

Mwisho wa Januari 2025, katika zile siku za vita mjini ambazo hakuna aliye hapa anayehitaji kuelezwa, umeme ulikatika, njia ya kwenda hospitali haikupitika, mashine hazikufanya kazi, na hapo nusu lita yenyewe ikawa nyingi. Léonie alipunguza mpaka kikombe kidogo cha kahawa, na marehemu, mtu wa adabu maisha yake yote, alimwomba, alimtukana, alilia kama mtoto, akamwambia arudi kwao Butembo, na Léonie aliketi chini mlangoni, bidon iko nyuma ya mgongo wake, asimpe. Mashine zilipowaka tena daktari alishangaa kumkuta hai, akasema aliyemtunza amefanya kazi ambayo hospitali isingeweza. Marehemu alipofika nyumbani aliuvua ufunguo wa veranda shingoni, akauweka mkononi mwa Léonie, akasema mbele ya Mimi: “Miaka makumi ine nilikuwa namufundisha huyu bibi asimwange mayi. Leo amejua, na ni mimi niko nalipa.”

Kuanzia hapo ni Léonie aliyezitunza okidi, akiinua chungu, akiangalia mizizi, mara nyingi akiirudisha birika chini bila kumwaga kitu, na marehemu alimtazama kutoka kitandani kupitia mlango uliofunguliwa, hakumsahihisha, na kwa mtu wa namna yake hiyo ilikuwa sifa kubwa. Mwezi wa Oktoba zilichanua zote kwa pamoja.

Lakini kabla ya Oktoba kulikuwa na Agosti, na hapa ndipo palipoombwa parukwe. Dada Nabintu alivuka ziwa kuja kumwona mdogo wake, akamkuta amekonda, midomo imepasuka, anaomba maji, na mkewe ameyafungia maji kabatini, na mtu yeyote aliyewahi kumbeba mtoto mgongoni angefanya alilolifanya. Alimpa kwa siri, chupa kubwa, siku hiyo na siku iliyofuata, alimpa kwa upendo wake wote, na marehemu, aliyejua kuliko sisi sote maji yatamfanya nini, alikunywa yote. Tulimbeba hawezi kupumua, Damascène akatoa gari lake, na madaktari walishinda wakitoa maji kifuani mwake. Tulimweleza dada, naye akauliza tangu lini maji yakaua mtu, akarudi Bukavu na hasira. Hatumsemi kama adui, tunalisema kwa sababu lilitokea, na kwa sababu aliyebeba lawama yake ni mwingine.

Tangu mwanzo wa Novemba moyo ulianza kuchoka, na daktari alituambia bila kuzunguka kwamba mashine haitasaidia tena. Léonie aliuliza kama basi sasa anaruhusiwa kumpa maji, hilo ndilo swali pekee aliloliuliza, na daktari akamjibu kwamba ampe kwa kijiko, akizidisha hatamwongezea raha, atamfanya afe akihangaika kutafuta pumzi. Jumatano jioni marehemu alimwambia: “Unipe mayi, Léonie, moja tu, ya kujaa.” Naye akamjibu: “Hapana, Papa Mimi. Nikikupa utazama, na ni mimi nitakuwa nimekuzamisha.” Akamlowesha midomo, akamshika mkono, na Alhamisi tarehe 20 Novemba 2025 asubuhi, Papa Wenceslas Buhendwa alitutoka, akiwa na miaka sabini na miwili, akipumua vizuri mpaka pumzi ya mwisho, Mimi na Cubaka wakiwa hapo wakishuhudia.

Mchana huo dada Nabintu alifika, akasimama katikati ya ua, akasema kwa sauti: “Mudogo wangu amekufa na kiu, na mayi iko ndani ya nyumba.” Neno hilo lilizunguka chini ya hema lote kabla kahawa haijaisha, likafika sokoni, likarudi limenenepa, na jana katika kikao likazaa pendekezo, kwamba katika historia hii isemwe tu alifariki baada ya ugonjwa mrefu, na kwamba baada ya mazishi wazee wa ukoo waangalie kama mjane huyu anastahili kubaki kwenye parsele. Familia, yaani Mimi, Paul, Dorine na mdogo wake marehemu anayewasomea, inajibu mbele ya jeneza hili kwamba nyumba ilijengwa na watu wawili, kwamba Léonie atakaa humo mpaka Mungu atakapomwita, na kwamba mwenye la kusema aliseme sasa, marehemu akiwa bado juu ya ardhi. Na tukiwa hapohapo, tunawaomba wanaosuuza glasi na kumwaga maji ndani ya vyungu vya veranda tangu Alhamisi, waache, tumechoka, ndoo iko karibu na mlango.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa mashine, ambao hata katika siku mbaya walirudi kazini kabla njia hazijawa salama, tunamshukuru Damascène na majirani wote waliombeba marehemu mabegani mwao, tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa Birere waliokuja na miaka yao na magongo yao, tunawashukuru kwaya, mama wa jumuiya, na wakwe zetu wa Butembo, ambao wamekaa siku hizi wakisikia binti yao akisemwa vibaya na hawakujibu hata neno, jambo ambalo sisi tungelishindwa.

Limebaki moja, na halikuagizwa na marehemu, limeandikwa na watoto wake leo Jumamosi asubuhi. Mama yao hajanywa tangu Alhamisi. Amewapikia nyinyi chai, amewagawia maji, kila glasi aliyopewa ameipokea, ameishika, akaiweka chini imejaa, na Mimi alipomsihi alisema kwamba hawezi, kwamba bado anaona macho ya Papa yanamtazama. Dada Nabintu, wewe ndiye mkubwa wetu sote, na Léonie hatapokea kwa mtu mwingine baada ya neno ulilolisema, kwa hiyo tunakuomba usimame, umpelekee maji, umshikie glasi mpaka aimalize, nasi tutasubiri, padri atasubiri, kaburi litasubiri. Na wewe, Léonie, kunywa, aliyekuwa na kiu hana kiu tena.

Kaka Wenceslas, akishakunywa tutakushusha, upumzike, na amani ikae nawe na ikae katika nyumba hii.